Kipepeo wa Amani si tumbili wa KIA

Machi 2016 tumbili 61 walizuiwa Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro (KIA) wakiwa njiani kwenda Albania. Watu walikasirika, na walikuwa na haki, maana hawakuwa wamesahau Novemba 2010, wanyama zaidi ya 100, twiga wanne wakiwemo, walipopakiwa kwenye ndege uwanja huohuo na kupelekwa Qatar. Mwezi Mei aliyekuwa Waziri wa Maliasili na Utalii, Profesa Jumanne Maghembe, akasimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi kwa miaka 3. Miaka hiyo ikaisha, mlango haukufunguliwa. Juni 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara waliobaki na wanyama mazizini wangepewa miezi 6 kuwaondoa. Wiki haijaisha, Waziri Pindi Chana akalisitisha tangazo hilo.

Ukilitaja zuio hili, watu wengi hufikiria twiga. Ila panda kutoka Muheza, pita Kisiwani na geti la Zigi, uingie vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, Usambara Mashariki, utakuta walioumizwa ni wafugaji wa vipepeo. Neno lililowaponza ni moja tu: "hai".

Serikali ilikuwa na sababu, na isionewe. Mfano mzuri wa sababu hizo uko Usambara hukohuko. Kinyonga mwenye pembe mbili puani aliuzwa nje kwa miaka mingi kwa jina moja la kitaalamu, fischeri, na mgawo wa kusafirisha uliandikwa kwa jina hilo. Mwaka 2008 wataalamu walipoupanga upya ukoo huo, ikadhihirika kwamba jina moja lilikuwa limefunika aina kadhaa. Fischeri halisi ni wa milima ya Nguru na Nguu. Wa Usambara Magharibi ni multituberculata, na Usambara Mashariki ina wake, matschiei na vosseleri. Yaani tuligawa idadi ya wanyama bila kujua tunamgawa nani, na baadhi yao hawapatikani mlima mwingine wowote duniani.

Halafu kuna ujanja wa makaratasi. Kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kina kisanduku cha herufi moja: W ni mnyama wa porini, F amezaliwa kizimbani, C ametokana na wazazi waliofugwa kwa taratibu kamili. Kinyonga jike akikamatwa tayari ana mimba, watoto wake huandikwa F, na kwa maandishi hakuna uongo. Afisa wa uwanjani akifungua kasha, hana jicho la kutofautisha wa porini na wa kizimbani. Penye hali hiyo, kufunga biashara yote ni uamuzi wa mtu asiye na chombo kingine mkononi, na kwa kinyonga ningeuunga mkono hata leo.

Sasa mpeleke kipepeo kwenye mizani hiyohiyo.

Mfugaji wa Amani hakamati bidhaa porini. Hukamata wazazi wachache kwa wavu, na kwa jamii ya Charaxes, wasiojali maua, hutega kwa ndizi zilizochacha. Huwaweka kwenye banda la wavu lenye mmea mlisho wao, na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu kila aina ina mimea yake na haikubali mingine. Papilio demodocus hutaga kwenye majani ya jamii ya michungwa, yai mojamoja. Kiwavi wake akiwa mdogo hufanana na kinyesi cha ndege; akikua huwa kijani, na ukimgusa huchomoza vipembe vya rangi ya chungwa vyenye harufu kali. (Mwenye kitalu cha michungwa Muheza anamjua vizuri, na humpigia dawa.) Majani yabadilishwe kila siku, siafu na buibui wazuiwe, na nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mwili wa kiwavi wasipate tundu la kupenya. Ukiwasonga wengi kwenye kasha moja, ugonjwa ukiingia hulegea, hugeuka weusi na kuoza, na kasha zima limekwenda.

Baada ya wiki 3 au 4 kiwavi hujifunga na kuwa pupa, hatua ya mwisho kabla ya kuwa kipepeo. Kuanzia hapo ni mbio. Kwa aina nyingi una kama wiki 2, pengine pungufu, kabla kipepeo hajatoka. Pupa hukusanywa akiwa na siku moja au mbili, akahesabiwa kwa aina, akapangwa kwenye pamba ndani ya kasha gumu, akashushwa hadi Dar es Salaam, akapandishwa ndege kwenda kwenye mabanda ya maonyesho ya Ulaya na Marekani. Kibali kikikaa mezani siku 3 zaidi, vipepeo hutokea ndani ya kasha wasipate nafasi ya kunyoosha mabawa. Hapo hakuna cha kuuza.

Jambo ninaloona halisikiki ni hili. Pupa ni kiumbe aliyeumbwa kutoonekana: huyu ni kama jani kavu, yule kama kipande cha kijiti. Tembea msitu wa Amani kutwa nzima, ukipata watano una bahati. Anayetakiwa kupeleka mamia kwa wiki, wa aina zinazojulikana na umri unaolingana, hawezi kuwatoa msituni hata akitaka. Ule ujanja wa kinyonga jike hapa hauna faida. Kweli, wapo wanaookota mayai au viwavi porini kuongezea banda, na miche ya mimea mlisho mara nyingi hutoka msituni. Lakini porini mayai mengi huishia midomoni mwa wadudu na ndege. Bandani wazazi wachache hutosha.

Soko lenyewe nalo ni la ajabu. Kipepeo wa maonyesho huishi wiki mbili tatu, kwa hiyo mnunuzi huagiza tena na tena. Linganisha na dughulushi (African violet), ua la Usambara ambalo mtawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka Ujerumani mwaka 1892. Lilizalishwa huko, leo liko kwenye vyungu vya madirishani dunia nzima, na Tanga haidai hata senti.

Katika mradi ulioanza Amani mwanzoni mwa miaka ya 2000, karibu theluthi mbili ya bei ilimfikia mfugaji, na fungu dogo lilikwenda kijijini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba wafugaji wa vipepeo walishiriki zaidi shughuli za kuhifadhi msitu, na waliamini kwamba msitu ukiisha, ufugaji wao umeisha. Upande wa pili wa mpaka, nchini Kenya, mradi wa Kipepeo wa Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ulianza 1993 na umekuwa ukiuza pupa. Wanunuzi hawakukosa pa kwenda.

Kuna na kipimo cha sheria. Kanuni za Shirika la Biashara Duniani, Kifungu cha 20 aya ya (g), zinaruhusu nchi kuzuia mauzo ili kulinda maliasili inayoweza kwisha, mradi zuio liende sambamba na udhibiti wa ndani. Kwa kipepeo udhibiti wa ndani maana yake ni msitu. Na msitu wa Usambara Mashariki hauliwi na mwenye wavu. Unaliwa na moto wa mashamba, na iliki inayotaka chini ya miti pafyekwe, na wachimba dhahabu waliovamia vijito vya Sakale miaka ya 2003 na 2004. Sera ya Taifa ya Biashara ya 2003 ilijinadi kwa ukuaji unaoongozwa na mauzo ya nje. Kisha tukafunga uuzaji mmojawapo unaohitaji mti ubaki umesimama.

Wenye hofu husema ukimfungulia kipepeo, nyuma yake watapita mende wakubwa, majongoo na buibui wanaookotwa tu porini. Hofu hiyo ina msingi, na jibu lake ni kuandika ruhusa kwa hatua ya uhai pamoja na jina la aina: pupa peke yake, wa aina zilizoorodheshwa, kutoka banda lililosajiliwa. Afisa wa misitu akifika bandani ahesabu mimea mlisho na viwavi. Miche 20 haiwezi kulisha pupa 1,000, hesabu hiyo haihitaji maabara. Kibali kiwe cha msimu badala ya cha kila mzigo. Na uwanjani kasha likifunguliwa akakutwa mdudu mzima au jongoo, mzigo wote urudi na banda lifungwe.