Andikeni Kilo za Gesi, Si Shilingi za Fundi

Mashamba ya maua ya Naivasha yanajua kuhesabu. Muulize meneja jana wamekata mashina mangapi ya waridi, atakujibu kabla hujamaliza swali. Muulize jenereta imekunywa lita ngapi mwezi uliopita, atamtafuta mhasibu. Mhasibu naye atakutajia shilingi.

Hapo ndipo ripoti nyingi za hewa ukaa zinapoharibikia. Mtu anachukua pesa zilizolipiwa mafuta, anazidisha kwa kiwango fulani cha jedwalini, anapata tani. Bei ikipanda kwenye pampu, kampuni inaonekana imechafua zaidi, ingawa jenereta imenguruma saa zilezile. Lita haina ujanja huo. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi, iwe imenunuliwa Nakuru au Kisumu.

Dizeli angalau risiti yake huwa na lita, mtu akijisumbua kuitafuta. Kinachonikera mimi ni friji. Gesi ya chumba baridi ikivuja, fundi huitwa, hujaza, huacha risiti yenye maneno mawili matatu na bei. Gesi aina gani? Kilo ngapi? Kimya. Na R404A, gesi ya kupoozea ambayo ingali kwenye mitambo mingi ya zamani, kilo yake moja ikitoroka hupasha dunia joto sawa na kilo 3,900 hivi za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100. Piga hesabu: ni kama kuchoma lita zaidi ya 1,400 za dizeli. Mtungi wa kilo kumi, ambao fundi anaushusha kwenye pikapu bila kuomba msaada, unalingana na lita zaidi ya 14,000. Kwenye ripoti haumo. Umo chini ya "matengenezo", pamoja na rangi na balbu.

Wengine hujidhulumu wenyewe. Wanakopa wastani wa hewa ukaa ya stima wa nchi zinazochoma makaa ya mawe, ilhali Olkaria, mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini, iko pua na mdomo na mashamba yao, na karibu asilimia 90 ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke, maji, upepo na jua. Wanajipaka masizi bure.

Ningepewa kalamu, ningefuta tarakimu zote baada ya nukta, kisha kila namba niibandike alama: imepimwa, au imekisiwa. Washauri hawatapenda, maana makisio hayapendezi mbele ya mnunuzi wa Uholanzi. Lakini mkaguzi atauliza tu.

Ratiba ya ICPAK, taasisi ya wahasibu wa Kenya, inataka kampuni zenye maslahi ya umma, kama benki na zile za soko la hisa, zianze kuripoti mambo ya uendelevu na tabianchi 2027, kubwa nyingine 2028, ndogo na za kati 2029. Programu ya bei ghali inaweza kungoja. Daftari la chumba baridi lianze na mtungi ujao unaoingia getini: tarehe, aina ya gesi, kilo zilizojazwa, sahihi. Fundi asipoandika, malipo yake yasubiri.