Utarajali usio na mhuri

Fomu ya fildi (mafunzo kwa vitendo) ya vyuo vyetu vingi humalizikia na vitu vitatu: jina la msimamizi, sahihi yake, na mhuri wa ofisi. Mwaka juzi binti mmoja wa mwaka wa tatu anayesoma hapa Dodoma alinijia na fomu hiyo ikiwa imejaa yote, isipokuwa mhuri. Alikuwa amefanya utarajali (mafunzo ya kazi) wa mbali, kwa mtandao, wa wiki kumi na mbili kwenye mradi wa programu huria, akiwa chumbani kwake Ng'ong'ona, na mlezi wake, aliyemwongoza katika kazi, akiwa Ulaya. Kila mstari alioandika uko wazi mtandaoni pamoja na tarehe yake, majina ya waliousoma, na maneno waliyomwambia kabla ya kuukubali. Chuo chake kilimrudishia fomu. Hakuna mhuri, hakuna fildi. Akaenda kukaa wiki nane katika ofisi moja mjini, akapata mhuri wake.

Nilikasirika kwa niaba yake, na kinyongo hakijaisha chote. Lakini nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na nimeona kwamba waliomrudisha wana upande wao, ambao sisi tunaousifia utarajali huu hatupendi kuusikiliza.

Kwanza mambo yenyewe. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake (maelekezo iliyoandikiwa kompyuta) yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuutumia, kuurekebisha na kuusambaza: Linux, Firefox, LibreOffice, hata mfumo unaoendesha Wikipedia. Mipango inayojulikana zaidi ya kuwaingiza wageni katika kazi hiyo ni miwili. Google Summer of Code ilianza 2005, na tangu 2022 mwombaji si lazima awe mwanafunzi. Posho yake hutegemea nchi uliyopo na ukubwa wa mradi. Outreachy ilianzia mwaka 2006 kwenye GNOME, mradi mmoja wa programu huria, kwa ajili ya wanawake, kisha ikapanuliwa kwa watu wengine wanaobaguliwa au walio wachache katika fani ya teknolojia nchini kwao. Hufanyika mara mbili kwa mwaka, miezi mitatu kila awamu, saa 30 kwa wiki, na posho yake ni dola 7,000.

Hiyo posho tuitazame vizuri. Tukichukua dola moja kwa shilingi 2,500, ni shilingi milioni 17.5. Mei Mosi ya 2025, hapo Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kima cha chini cha mshahara serikalini kupanda kutoka 370,000 hadi 500,000. Kwa kima hicho, posho ya miezi mitatu ni mshahara wa karibu miaka mitatu. Anayezungumzia kujifunza na kukua bila kuitaja hesabu hii hajasema yote. Nimeona pesa hiyo ikilipa ada za wadogo wawili na kuezeka nyumba ya mama, na sioni aibu yoyote katika kuitamani. Ila pesa huwaita hata wasiokuja kujifunza. Oktoba 2020 kampeni ya Hacktoberfest, ya kuhamasisha watu kuchangia programu huria, iliahidi fulana kwa watakaotuma mabadiliko machache, na miradi ikafurikwa na uchafu, neno moja limeongezwa hapa, nukta pale, mpaka waandaaji wakabadili utaratibu ili miradi inayotaka kushiriki ijiandikishe yenyewe kwanza. Hiyo ilikuwa fulana tu. Siku hizi mtu anaweza kuagiza msimbo kutoka kwa akili mnemba na kuutuma kabla hajausoma. Nimekaa upande wa wanaopitia kazi hizo, na inauma kutumia saa nzima kusoma kitu ambacho aliyekituma hajakisoma.

Jambo la pili husemwa kidogo kuliko la pesa. Kabla ya kuchaguliwa Outreachy unapitia kama mwezi mmoja wa kuchangia mradi unaouomba, bila malipo, ukishindana na waombaji wa dunia nzima. Utaratibu huo ni mzuri kwa sababu hawakuchagui kwa umesoma wapi wala unamjua nani. Wanaitazama kazi. Lakini mwezi huo unaliwa na bando. Mradi mkubwa hupakuliwa kwa gigabaiti kadhaa, na kuukusanya, yaani kuugeuza msimbo uwe programu inayofanya kazi, kwenye laptopu ya mtumba huchukua usiku mzima, umeme ukikatika unaanza upya. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya nchi nzima ilichechemea kwa siku kadhaa, na tarehe za mwisho hazikumsubiri mtu. Aliyekulia Area D kwenye nyumba yenye faiba hakuhisi mwezi huo kama alivyouhisi aliyetoka Bahi na kupanga chumba Nkuhungu. Kalenda nayo ni kikwazo. Muhula wa pili wa vyuo vyetu vingi huisha Julai, na awamu ya katikati ya mwaka ya Outreachy huanza Mei. Mlango huu ulifunguliwa kwa ajili ya walioachwa nje, na bado kizingiti chake kiko juu.

Kwa nini basi bado nawaambia vijana waombe? Kwa sababu ya kitu ambacho darasa letu halitoi.

Kwetu mwanafunzi hupata 14 kati ya 20 na asijue zile sita zimeanguka wapi. Katika mradi huria kila alama uliyopoteza ina anwani. Mtu usiyemjua, hata umri wake hujui, anaandika chini ya mstari wako wa 42, mbele ya dunia, kwamba haufai, kwa sababu hii na hii, na jaribu hivi. Hakuna "pole na kazi", hakuna "hongera kwa juhudi". Mimi nilipopata mapitio yangu ya kwanza, yaani maoni ya namna hiyo juu ya msimbo wangu, sikuifungua laptopu siku tatu. Nilihisi nimetukanwa. Siku ya nne nilisoma tena na kuona kwamba kila neno lilikuwa juu ya msimbo, hata moja halikuwa juu yangu. Kutenganisha hayo mawili kulinichukua miezi, na nadhani ndiyo elimu kubwa kuliko zote nilizopata humo.

Kisha unagundua kwamba unaruhusiwa kujibu. Kwetu kumwambia mkubwa amekosea kunahitaji mzee wa kupita katikati. Binti niliyemtaja alimwandikia mlezi wake, mtu mwenye miaka mingi kwenye mradi, kwamba pendekezo lake lingevunja kitu kingine, akaambatanisha jaribio linaloonyesha. Mlezi akajibu kwa mstari mmoja kwamba ni kweli, na akaliondoa pendekezo. Binti aliniambia alitetemeka mikono kabla ya kubonyeza kitufe cha kutuma. Sijui darasa gani hapa linalomfundisha kijana kutetemeka hivyo na bado akatuma.

Hata kuuliza tu hujifunzwa. Sisi tumelelewa kwamba shida haitangulii salamu: unamwamkia mtu, unauliza za nyumbani na za kazi, ndipo unasema kilichokuleta. Kijana mmoja aliandika "Habari za asubuhi" kwenye chumba cha mazungumzo cha mradi, akasubiri aitikiwe ndipo aulize. Wenzake walikuwa wamelala. Walipoamka wakaitikia, yeye akiwa amelala. Siku mbili zikapita swali likiwa bado kifuani. Salamu si kosa, na sitaki tuiache. Lakini watu wakitenganishwa na masaa, salamu, swali, ulichojaribu na kilichotokea lazima viingie katika ujumbe mmoja. Saa zenyewe ni somo. Kikao kikitangazwa cha 14:00 UTC, yaani saa ya kimataifa, unaongeza tatu upate 17:00 ya Afrika Mashariki, kisha unatoa sita upate saa kumi na moja jioni yetu. Nimeshuhudia waliokosa kikao chao cha kwanza kwa hesabu hiyo.

Nisiipambe sana. Si kila ukali ni uaminifu. Septemba 2018 Linus Torvalds mwenyewe, mwanzilishi wa Linux, aliomba radhi hadharani kwa lugha aliyokuwa akiwatolea wachangiaji, akapumzika kwa muda. Kama mtu wa ngazi yake alikiri hivyo, kijana wa Kizota asidhani kila anayemfokea mtandaoni anamfundisha.

Mhadhiri mmoja ninayemheshimu aliniambia kwamba tunawatoa vijana wetu kwenda kulima shamba la watu. Hoja hii naikubali nusu. Shamba la programu huria halina uzio: kinachopandwa Oslo kinavunwa hapa. DHIS2, mfumo uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, ndimo takwimu za vituo vyetu vya afya zinamoingizwa. Katika ramani huria ya OpenStreetMap, vijiji vingi vya Tanzania vimechorwa na watu wa kujitolea, wakiwemo wenyeji. Ila kuvuna si sawa na kuamua kipandwe nini. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili kitupu. Ilikuwa kazi kubwa ya kujivunia. Katika miaka yangu yote Dodoma sijamkuta mtu anayeitumia. Programu huria hubaki hai kwa kuwa na watu wanaoirudia kila wiki, wanaoziba kiraka, wanaojibu maswali, na watu hao hawapatikani bila kupita mahali fulani pa kujifunzia ulezi huo. Kwa hiyo namjibu mhadhiri wangu kwamba shamba ni la watu, ndiyo, lakini jembe kijana anarudi nalo nyumbani.

Hoja iliyonibana kweli ni nyingine, na nilipewa na binti yule yule.

Tunazoea kuidharau fildi ya ofisini kwamba ni ya kutoa fotokopi na kuwasha printa. Baada ya wiki zake nane aliniambia kitu ambacho sikukitarajia. Karani aliyekaa naye alikuwa na daftari pembeni ya kompyuta. Kila mteja aliandikwa daftarini kwanza, na Ijumaa jioni yote yakaingizwa kwenye mfumo kwa mkupuo. Sababu: mtandao ukiyumba mfumo humtoa mtu nje na kufuta alichokuwa anajaza. Karani ameishi hivyo muda mrefu, na hakuna mahali popote ambapo dosari hiyo iliandikwa. Kwa wiki kumi na mbili za utarajali wa mbali, binti huyu hakuwahi kumwona hata mtumiaji mmoja wa kitu alichokuwa akikijenga. Aliijua dosari kama namba kwenye orodha. Hapa aliiona kama mwanamke anayechelewa kurudi kwake kila Ijumaa.

Waliodai mhuri hawakuieleza hoja yao hivyo, na sidhani walikuwa wakiifikiria. Lakini ndani ya mhuri kuna wazo hili: kwamba kuna watu mahali fulani waliokuona na uliowaona. Chumba cha Ng'ong'ona hakikupi hilo. Hakikupi pia mwenzako wa kula naye chakula cha mchana. Upweke wa kazi hii ni mzito, hasa pale mama mwenye nyumba anapoamini kwamba huna kazi.

Binti alifanya nini alipoona daftari lile? Aliandika taarifa kama alivyozoeshwa na mradi: hatua za kuirudia dosari, kinachotarajiwa, kinachotokea, na mara ngapi kwa wiki. Ukurasa mmoja. Akampelekea afisa wa TEHAMA wa ofisi ile, ambaye alikuwa hajawahi kuelezwa. Mfumo sasa huhifadhi kinachojazwa hata mtandao ukikatika. Bila fildi ya mhuri asingeiona dosari ile, na bila ule utarajali uliokataliwa sidhani angejua kuiandika.

Kwa hiyo sitaki vyuo vyetu viuache mhuri. Nataka viongeze. Mwanafunzi aliyefanya utarajali huria alete kiungo cha kazi yake, na mhadhiri akae naye nusu saa, achague mwenyewe mabadiliko matatu na kumwambia ayaeleze mstari kwa mstari. Aliyeagiza kwa akili mnemba atajulikana dakika ya tano. Kisha wiki nane za ofisini zipunguzwe ziwe mbili au tatu, akae na watumiaji, popote, zahanati ya Chamwino au soko la mahindi la Kibaigwa, na aandike alichokiona. Na kwa ule mwezi wa majaribio, maabara za kompyuta ziachwe wazi usiku kwa wanaoomba. Bando la chuo limeshalipiwa hata hivyo.

Nakala ya fomu ile bado ninayo. Chini ya kisanduku cha mhuri kuna mistari miwili mitupu iliyoandikwa "maoni mengineyo", na kiungo cha kazi yake kinaenea katika mstari mmoja.