Pete ya Claddagh na binti aliyeondoka kabla ya kuolewa

Mikono miwili imeshika moyo, na juu ya moyo kuna taji. Ndiyo pete ya Claddagh, ambayo akina mama wengi wa Ayalandi, na wa Marekani wenye asili ya huko, huwapa mabinti zao wanapofikia utu uzima, wanapohitimu au wanapoondoka nyumbani. Wapo wanaoicheka desturi hii. Kwao ni biashara ya masonara iliyovishwa joho la mila.

Hoja zao si za kubezwa. Pete za mikono iliyoshikana zilikuwepo tangu enzi za Warumi, na Ulaya nzima ilizijua. Jina lenyewe ni la kijiji cha wavuvi kilichokuwa nje ya kuta za mji wa Galway, na halikushikamana na pete hii hadi karne ya 19. Kisa cha Richard Joyce, aliyetekwa na maharamia, akauzwa kwa sonara wa Algiers na kurudi kwao na ufundi, kinanoga sana dukani. Lililo thabiti ni kwamba sonara wa jina hilo alifanya kazi Galway mnamo 1700, na pete zenye alama yake zipo. Halafu kuna ile kanuni kwamba pete hii mtu hajinunulii, sharti apewe. Muuzaji gani ataichukia?

Ila naona wanahoji umri wa umbo, wakati desturi yenyewe imo katika makabidhiano. Nayo makabidhiano yana ushahidi. Bwana na Bibi Hall, waandishi waliozunguka Ayalandi katika miaka ya 1840, waliandika kuwa pete ya ndoa ya watu wa Claddagh ilikuwa urithi: mama humpa binti wa kwanza kuolewa, naye huja kumpa wake. Tena haya yalifanyika chini ya sheria ya Kiingereza ambayo, hadi mageuzi ya 1882, ilihesabu karibu kila kitu kinachohamishika cha mke kuwa cha mume. Sheria ikisema hivyo, pale Claddagh wanaume walivua, wanawake wakauza samaki mjini na kushika fedha, na dhahabu ya nyumba ikapita kutoka mwanamke hadi mwanamke.

Kisha ikaja Njaa Kuu ya 1845 hadi 1852. Watu wapatao milioni moja walikufa, na wengine zaidi ya milioni moja wakahama. Pete ziliwekwa rehani, na zisizokombolewa zikayeyushwa. Wenye shaka huishia hapo: mnyororo ulikatika, kilichofuata ni maigizo.

Mimi nashindwa kuishia hapo kwa sababu ya takwimu moja. Katika miongo iliyofuata ile njaa, karibu nusu ya waliohama Ayalandi walikuwa wanawake. Kwa Ulaya ya wakati ule hilo lilikuwa jambo la pekee. Kwingineko wanaume ndio waliotangulia kwa wingi. Na wengi wa wanawake hao hawakuwa wameolewa. Walisafiri peke yao au na dada zao, wakawa watumishi wa nyumbani Boston na New York, kisha wakatuma nauli ya mdogo anayefuata.

Sasa irudie kanuni ya zamani: pete ni ya binti wa kwanza kuolewa. Chukua mama mwenye mabinti wanne, watatu wanapanda meli wakiwa hawajaolewa, na hatarajii kuwaona tena. Kanuni inamwambia hao watatu waende mikono mitupu. Desturi ya namna hiyo ama ife, ama pete iache kungoja harusi. Kwa maoni yangu ilifuata njia ya pili, na ndiyo maana leo binti huipata kabla mchumba hajaonekana. Wenye shaka mnaita hayo uharibifu ulioletwa na biashara. Mimi naona mila iliyolazimika kuwafuata mabinti bandarini. Kwamba masonara walinufaika, sibishi.

Panapouma ni kwenye namna ya kuivaa. Mkono wa kulia, ncha ya moyo ikielekea kwenye kucha, maana yake msichana yuko huru. Ikigeuzwa, ana mtu. Ikihamia mkono wa kushoto, amechumbiwa au ameolewa. Hapo wakosoaji wako sahihi: ni tangazo la hali ya binti kwa kila apitaye, na kwa wanaume wengi wanaovaa pete hiyo hiyo hakuna anayekagua ncha. Hata hivyo, mchumba akija hana haja ya kuleta pete nyingine. Huigeuza tu ile aliyotoa mama.

Nyumba za nyasi za Claddagh zilibomolewa katika miaka ya 1930 zikajengwa za manispaa. Mama wa Galway anayetaka kumpa bintiye pete leo huenda dukani akalipia, kwa sababu ile ya ukoo ilishaliwa kama mkate mwaka 1847.