Kazi imerahisishwa kwa nani?
Jamani, ni mimi tu ninayeteswa na hizi programu za akili mnemba za kuhariri video, eti zinarahisisha kazi? Tangazo la sekunde 30, duka la vitenge. Mama mwenye duka kasema vizuri kabisa: “Karibuni Kariakoo, doti elfu ishirini.” Programu ikaandika manukuu chini ya video: “Karibu Korea, doti Elvis irini.” Elvis kaingiaje dukani? Nimesahihisha neno kwa neno hadi saa saba usiku!

Programu ikakata kila palipo kimya. Hata pale mama alipovuta pumzi kabla ya kucheka, na kicheko kile ndicho kinachouza. Kuigeuza video iwe wima kwa ajili ya simu, kichwa kimeondoka, kimebaki kiuno na meza. Mteja anunue meza? Na tangazo linatakiwa asubuhi!