Nani aliandika vifo vya Anna May Wong?

Tangu Oktoba 2022, sarafu mpya ya senti 25 yenye uso wa Anna May Wong ilipoanza kuzunguka Marekani, ubishi uliodhaniwa umelala umeamka. Kambi moja inasema haki imetendeka, japo kwa kuchelewa, kwa nyota wa kwanza wa Hollywood mwenye asili ya China. Kambi ya pili haifurahii hata kidogo. Inauliza: huyu si ndiye aliyekuwa mjakazi mtumwa katika The Thief of Bagdad (1924), binti muuaji wa Fu Manchu, yule mhalifu wa Kichina wa kubuni, katika Daughter of the Dragon (1931) na kahaba wa kwenye treni katika Shanghai Express (1932)? Picha ya mwanamke wa Kichina aliye ama mtiifu mpaka kufa, ama mwenye kisu ndani ya mkono wa gauni, iliingia vichwani mwa watazamaji kwa sura ya nani kama si yake?

Swali hilo lina uzito, na watetezi wa Wong hulipita mbiombio mno. Mwaka 1875 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Page, ambayo kwa maandishi ilizuia wanawake walioletwa kwa ukahaba, lakini kwa vitendo ilimfanya karibu kila mwanamke wa Kichina bandarini athibitishe kwamba yeye si kahaba. Miaka saba baadaye ikaja sheria ya kuwafungia mlango vibarua wa Kichina, iliyodumu mpaka 1943. Kwa hiyo filamu hizi zilimpa afisa wa uhamiaji ushahidi wa kile alichokwisha kukiamini. Serikali ya China ililalamikia Shanghai Express, na Wong alipozuru China mwaka 1936 baadhi ya watu wa kusini walimzomea kwa kulitia taifa aibu. Hoja kali zaidi ya kambi hii ni ya kalenda. Mwaka 1928 Wong aliondoka Hollywood kwenda Ulaya akiwa amechoshwa na nafasi hizo. Aliporudi na mkataba wa studio ya Paramount, filamu ya kwanza aliyoifanya ilikuwa nini? Daughter of the Dragon. Hakulazimishwa kwa bunduki.

Hayo yote ni kweli. Ila yanamhukumu mtu kwa mswada wa filamu alioupokea bila kuuliza mswada wenyewe ulitengenezwaje.

Filamu ya mapenzi ya Hollywood wakati ule ilianzia kwa mwanamume. Studio ilichagua kwanza nyota wa kiume, naye alikuwa mzungu. Hapo mlango wa kwanza unafungwa, kwa sababu busu kati yake na mwanamke wa Kiasia lilikuwa balaa kibiashara. Kanuni za maadili za mwaka 1930, zilizoanza kusimamiwa kwa ukali Julai 1934, zilikataza mapenzi kati ya weupe na weusi. Kwa herufi hazikumtaja Mchina. Lakini studio zilizinyoosha mpaka zikamfunika, kwa kuwa majimbo kadhaa yalikataza ndoa za aina hiyo. California yenyewe, nyumbani kwa Hollywood, ilishikilia marufuku hiyo mpaka Mahakama Kuu ya jimbo ilipoifuta mwaka 1948. Sasa mwandishi wa mswada anabaki na mwanamke anayependa, mwanamume asiyeweza kumbusu, na dakika kumi za mwisho za kujaza. Njia rahisi ni kumuua mwanamke. Katika The Toll of the Sea (1922) anajitosa baharini. Katika Piccadilly (1929) anapigwa risasi. Katika Daughter of the Dragon anapigwa risasi tena. Kifo kilikuwa ufumbuzi wa kiufundi, kama seremala anayekata ubao usioingia kwenye fremu.

Na asiyembusu shujaa hawezi kuwa shujaa wa kike. Asiyekuwa shujaa wa kike hawi jina la kwanza kwenye bango, na asiyekuwa jina la kwanza hana cha kushikilia siku ya kujadili malipo. Hapa ndipo pesa zinapoingia, nazo zinastahili kutazamwa polepole kuliko kawaida.

Tarakimu inayopendwa na watetezi wake ni ya Shanghai Express: Marlene Dietrich dola 78,166, Wong dola 6,000, yaani mara 13. Inashtua, lakini ni ushahidi dhaifu. Dietrich ndiye aliyekuwa akiuza tiketi, filamu ilijengwa kumzunguka yeye, na Wong alikuwa mhusika wa pili. Mwigizaji yeyote wa pili, awe mweupe kama maziwa, angeachwa mbali. Atakayesimamisha kesi yake hapo ataangushwa na mwanafunzi wa uhasibu.

Ushahidi wenye nguvu uko katika filamu ya mwaka mmoja kabla, ile ile anayolaumiwa nayo. Katika Daughter of the Dragon jina la Wong lilikuwa la kwanza. Binti wa joka ni yeye, kisa ni chake. Alilipwa dola 6,000. Sessue Hayakawa, Mjapani aliyekuwa nyota mkubwa wa filamu za kimya, alilipwa 10,000. Warner Oland, mzaliwa wa Sweden aliyejipaka na kujibandika ili awe Fu Manchu, alilipwa 12,000, na mhusika wake anakufa mapema: yumo katika dakika 23 tu. Piga hesabu. Oland alipata takriban dola 522 kwa kila dakika aliyoonekana. Wong, hata tukimhesabia dakika hizo hizo 23 ilhali alionekana kwa muda mrefu zaidi, anaambulia kama 261. Kadiri unavyomwongezea dakika zake halisi, ndivyo bei yake inavyoporomoka. Hapa hakuna Dietrich wa kusingiziwa. Mwenye filamu alilipwa nusu ya mzungu aliyeazima rangi ili awe baba yake katika kisa, na pungufu ya Mwasia mwenzake wa kiume. Isitoshe, dola 6,000 za 1931 ndizo dola 6,000 za Shanghai Express: umaarufu ulipanda, bei ikakaa palepale.

Anayesema "angekataa" aifikirie tarakimu hiyo. Kukataa ni silaha ya mwenye akiba au mwenye mlango wa pili.

Mlango wa pili ulikuwa Ulaya, nao aliutumia kwa bidii ambayo wanaomwita kikaragosi hawaitaji. Huko Ujerumani mwongozaji Richard Eichberg alimpa filamu zenye jina lake mbele. Sauti ilipoingia kwenye sinema, tatizo la wakati ule lilikuwa kwamba hapakuwa na njia nzuri ya kuingiza lugha nyingine juu ya picha. Dawa ilikuwa kupiga filamu moja mara kadhaa, kila lugha na waigizaji wake, ndani ya seti ile ile. Nyota wengi wa filamu za kimya walifia hapo. Wong aliigiza The Flame of Love (1930) kwa Kiingereza, kwa Kijerumani na kwa Kifaransa, kisha akaimba na kucheza kwa Kijerumani jukwaani Vienna. London, ambako mwaka 1929 aliigiza The Circle of Chalk pamoja na mwigizaji kijana Laurence Olivier, wahakiki waliicheka lafudhi yake ya Kimarekani. Alimlipa mwalimu na kujifunza Kiingereza cha mabwana. Hata hivyo Ulaya haikuwa pepo. Busu lake na John Longden katika toleo la Kiingereza la filamu ile ya lugha tatu lilikatwa na wakaguzi wa Uingereza. Mkasi ulivuka bahari pamoja naye.

Kusafiri kwenyewe kulikuwa na gharama isiyoonekana kwenye bango. Wong alizaliwa Los Angeles tarehe 3 Januari 1905, binti wa mwenye duka la dobi ambaye naye alizaliwa California. Raia kwa kuzaliwa, na baba raia kwa kuzaliwa. Bado, kila alipotaka kutoka nchini ilimbidi kwanza ajaze fomu namba 430, ombi la "anayedai kuwa raia" wa asili ya Kichina la kuchunguzwa hadhi yake kabla ya safari. Unaijaza, unabandika picha, unaitwa mbele ya mkaguzi anayekuhoji kuhusu wazazi, ndugu na mahali ulipozaliwa. Ukiidhinishwa nakala inabaki bandarini, na siku ya kurudi uso wako unalinganishwa na picha ile. Ukikosea jibu moja kuhusu ndugu, mlango unaweza kugoma. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu alifungwa kamba akiwa kwao. Nyota ambaye kila mkataba wa ng'ambo unaanzia dawati la uhamiaji hana uhuru wa kuhamahama aliokuwa nao Dietrich.

Watu wa kambi ya pili wana msemo wao kwa utetezi wa namna hii: mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Yaani mnalaumu sheria, studio, wakaguzi, kila mtu isipokuwa mwenye kipaji ambacho pengine hakikutosha. Basi tuitazame siku ambayo kipaji kiliwekwa mezani wazi.

Katikati ya miaka ya 1930 studio ya MGM ilitayarisha The Good Earth, kisa cha wakulima wa China, kwa gharama iliyofikia karibu dola milioni 2.8. Mume, Wang Lung, alipewa Paul Muni. Hapo hesabu ile ya busu ikarudi: mume akiwa mzungu aliyepakwa rangi, mke naye lazima awe mzungu aliyepakwa rangi. O-Lan akawa Luise Rainer, Mjerumani kwa kuzaliwa, aliyepata tuzo ya Oscar kwa nafasi hiyo. Masimulizi maarufu yanasema Wong alipewa Lotus, yule suria mharibifu, akaikataa kwa heshima zake. Mambo yana mikunjo zaidi: studio ilimjaribu mbele ya kamera kwa ajili ya Lotus na waliomtazama hawakuvutiwa, yeye naye alitamka wazi kwamba hatakubali kuwa Mchina anayecheza mhusika mbaya pekee katika filamu ambayo wema wote wanachezwa na wazungu. Kila upande unaweza kuchukua kipande chake. Ila tazama ni nafasi gani iliyokuwa ikijaribiwa. Kwa O-Lan, mke mchapakazi anayebeba filamu nzima, hakufikiriwa kwa dhati. Lotus mwishowe alikuwa Tilly Losch, mchezaji ngoma kutoka Vienna. Wachina wa Los Angeles walipata nafasi za pembeni na kujaza umati.

Studio ina utetezi wake: Muni alikuwa akiuza, na fedha nyingi namna ile hazichezewi. Ni hoja ya kweli ya kibiashara. Lakini ni biashara iliyochagua kutompima mtu, kisha ikadai soko halimtaki.

Wong akaenda China. Ilikuwa mwaka 1936, mara yake ya kwanza. Alikuwa akijua lahaja ya Taishan, ya wazazi wake, si Kimandarini, hivyo akaanza kujifunza kama mgeni yeyote. Alimtembelea baba yake aliyekuwa amerudi kijijini, akapiga filamu yake mwenyewe ya safari, akanunua mavazi ya kuigizia. Hizo si tabia za mtu anayeikimbia asili yake kwa ajili ya malipo.

Na baada ya safari hiyo orodha ya filamu zake inabadilika, jambo ambalo wanaomshutumu huliruka. Daughter of Shanghai (1937) ni filamu fupi ya bajeti ndogo, ya aina iliyotangulia filamu kubwa jioni moja. Wong ndiye mchunguzi, Philip Ahn, mwenye asili ya Korea, ndiye ofisa wa serikali, na wote wawili wanafika mwisho wakiwa hai na mazungumzo ya ndoa mdomoni. Ukimweka Mwasia kwenye nafasi ya mwanamume, hakuna sababu ya kumuua mwanamke. Mwaka 2006 iliingizwa katika hazina ya filamu za taifa ya Marekani. Katika King of Chinatown (1939) ni daktari wa upasuaji. Mwaka huo huo Paramount ilimtumia kumfundisha Dorothy Lamour namna ya kuwa chotara wa Kiasia katika Disputed Passage. Yaani alitosha kuwa mwalimu wa nafasi hiyo, ila si kuicheza.

Ipo hitilafu moja zaidi katika mashtaka haya, nayo ni ya ghala. Tunamhukumu kwa kilichobaki. Mwaka 1951 kituo cha DuMont kilimpa mfululizo wa televisheni, The Gallery of Madame Liu-Tsong, ambao kichwa chake kilibeba jina lake la Kichina. Alikuwa mwenye duka la sanaa anayefumbua uhalifu, vipindi vya nusu saa. Wiki hadi wiki alikuwa hai, mwenye mali na mwenye akili kuliko wote chumbani. Hakuna hata kipande kimoja kinachojulikana kusalia. Piccadilly, anamouawa, imesafishwa na inatazamwa kote duniani. The Toll of the Sea nayo imerejeshwa na rangi zake mbili, nyekundu na kijani, isipokuwa mwisho wake ulipotea. Warejeshaji wa chuo cha UCLA mwaka 1985 walikwenda ufukweni na kamera ya zamani ya rangi mbili, wakapiga picha mawimbi matupu, na mawimbi hayo ndiyo yanayoonekana mahali alipojitosa.