Gugu liko Kisongo, friza iko Uingereza

Mama yangu hung'oa gugu karoti, mmea mgeni unaowasha ngozi, akiwa amevaa soksi mikononi, zile soksi ndefu za marehemu baba. Glavu za mpira anazo, nilimpelekea mwenyewe, ila anasema jua likipanda zinamchemsha vidole. Nilipokwenda likizo nyumbani Kisongo, Arusha, mwaka jana nilimshika mkono. Kuanzia kifundo hadi kiwiko ngozi imekakamaa, ina vipele na alama za kucha, maana muwasho humwamsha usiku. Katika ukoo mzima mimi ndiye niliyesomea mimea vamizi hadi shahada ya uzamivu, na mkono wa mama yangu uko vile.

Ndugu huniuliza maisha ya Uingereza yakoje nikiyalinganisha na Arusha. Wanatarajia niseme habari za baridi na kodi ya nyumba. Baridi huzoeleka. Mimi tofauti naiona kwenye magugu.

Huku kuna mmea ambao Wajapani huuita itadori. Daktari Mjerumani, Philipp Franz von Siebold, aliuleta Ulaya akaupanda Leiden, Uholanzi, na mwaka 1847 chama cha kilimo na bustani cha Utrecht kikautunuku kuwa mmea mpya wa mapambo uliovutia kuliko yote mwaka ule. Mwaka 1850 ukafika bustani ya Kew, London. Leo umejaa kingo za mito na unapenya kwenye nyufa za lami. Watafiti walipopima vinasaba vya itadori kutoka pande mbalimbali za nchi walikuta ni mmea mmoja tu, jike, uliosambaa kwa vipande vya shina lake la chini ya ardhi. Dume wake hayupo. Nilipolisoma hilo kwa mara ya kwanza sikulala, nikajua kazi ya maisha yangu ni ipi.

Darasani tulifundishwa kwamba mmea mgeni ukianza na mbegu chache, uzao wake huwa na tofauti chache za vinasaba, na kwa hiyo ungetarajiwa kuwa dhaifu. Itadori haikusikia habari hizo. Mimea mingine huingia mara nyingi, kwa milango tofauti, na koo zilizokuwa zikiishi mbalimbali kule kwao hukutana ugenini zikachanganyika, na tofauti za vinasaba zikaongezeka. Gugu karoti letu asili yake ni Amerika ya joto, na Arusha lilianza kutambuliwa mwanzoni mwa miaka ya 2010. Kama liliingia mara moja, tunapambana na ukoo mmoja. Kama linaendelea kuingia na nafaka, magari na mifugo, basi kung'oa bila kufunga mlango ni kuteka maji kwa pakacha.

Sasa tazama. Huku anayeuza nyumba huulizwa kwa maandishi kama kiwanja chake kina itadori, na benki inaweza kusita kutoa mkopo. Kuiotesha porini ni kosa kwa sheria ya mwaka 1981. Na sisi sheria tunayo, ya afya ya mimea ya mwaka 2020, tena mamlaka yake makao makuu yako hapo hapo Arusha. Lakini gugu karoti halijashusha bei ya nyumba ya mkubwa yeyote. Linafukuza majani ya malisho, linatia uchungu maziwa ya ng'ombe aliyelila, linawasha mikono ya mwenye jembe. Huyo hana fomu ya kujaza.

Kuhusu maabara sitaficha. Nikiagiza vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, leo, keshokutwa viko mezani. Nilipokuwa mwanafunzi wa uzamili nyumbani, umeme ulikatika Ijumaa jioni, jenereta haikuwa na dizeli, na hakuna aliyejua mpaka Jumatatu. Nilifungua friza nikakuta maji yametuama chini, na vimeng'enya vya kupimia vinasaba nilivyovisubiri forodhani wiki saba vimeharibika. Nilikaa sakafuni nikalia. Mwaka ule ule nilianza kuomba nafasi za nje. Kwa hiyo mtu akisema tunakuja Ulaya kufuata akili, nakataa. Nilifuata friza isiyozimika.

Akili iko kwa mama. Ananieleza kuwa gugu lilianzia pale malori yanapoegeshwa, na kwamba lile la upande wa korongo lilikuja baadaye, na kifusi cha ujenzi. Hiyo ni historia ya kuingia mara mbili! Kuitafuta kwa vinasaba peke yake ningehitaji mamia ya majani na miaka kadhaa, na bado ningebahatisha.

Mtindo tuliouzoea ni huu: jani linachumwa Kisongo, linatiwa kwenye bahasha yenye silika jeli likauke, linapanda ndege, linapimwa huku, kisha makala inatoka kwa Kiingereza, jina la aliyechuma liko katikati au halipo kabisa. Nami nimeshiriki, cheo changu kimepandia hapo hapo. Ni makosa, na nalisema hilo vikaoni hata msimamizi wangu akikunja uso. Naamini fedha ya kumsomesha huku mtu mmoja kama mimi ingefaa zaidi kununua friza, betri na sola pale Ngaramtoni, jirani na hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, vijana wapime majani asubuhi ile ile waliyoyachuma.

Nilipanga kuja Desemba na bahasha zangu, na safari hii sampuli hazitaondoka Arusha. Nikampigia mama, nikamwamkia, nikamwomba aniachie gugu la korongoni asiling'oe lote. Amekataa. Anasema mvua za vuli zikishika litachanua, na likishachanua mbegu zitamwagika shamba zima. Nikitaka majani nije Novemba. Nimebadilisha tiketi.