Dakika 83 za kilio

Mdogo wangu aliingia chumbani, akasikiliza kidogo, akauliza kama spika imeharibika. Besi ilikuwa imepigwa mara moja, ikavuma, ikaachwa ififie yenyewe, na mpigo wa pili haujafika.

"Bado wanapiga?"

Wanapiga. Subiri.

Muziki wenyewe unaitwa fyunerali dumu (kwa Kiingereza funeral doom), tawi la hevi metali, ule muziki wa magitaa mazito, linalokwenda mwendo wa jeneza. Neno la kwanza ni mazishi. La pili mimi hulisikia kwa Kiswahili, kudumu. (Dumu la maji nalo haliko mbali, kwa uzito.) Ulichipuka Ufini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Bendi ya Thergothon ilitoa albamu yake mwaka 1994, Skepticism wakafuata 1995 na kinanda kinachovuma kama cha kanisani. Hawa Skepticism hupanda jukwaani na suti rasmi, utadhani wamekuja kuzika kweli.

Wapenzi wengi wa muziki huu husema nguvu yake ni uzito. Mimi sikubali. Uzito hata bendi za kasi wanao. Kinachonishika ni ile nafasi kati ya mpigo na mpigo, pale sikio linapongoja na jambo ulilokuwa unalikimbia wiki nzima likakukuta umekaa. Ukifiwa, watu huanza kukwambia "jikaze" kabla hata machozi hayajakauka. Muziki huu haukwambii lolote.

Chukua Bell Witch, watu wawili wa Seattle, Marekani, besi na dramu, gitaa la kawaida hakuna. Mwaka 2016 alifariki Adrian Guerra, aliyekuwa mpiga dramu wao. Mwaka uliofuata wakatoa Mirror Reaper: wimbo mmoja, dakika 83. Huko katikati inatokea sauti ya Guerra mwenyewe, aliyoirekodi akiwa hai. Hakuna anayemsifia wala kusoma wasifu wa marehemu. Wenzake wamempisha aimbe. Mara ya kwanza niliusikiliza bila kujua habari hiyo, nikauona mrefu kupita kiasi. Mara ya pili nilijua, na sikuweza kuinuka kitini.

Si kila bendi ya namna hii inafaa, nisidanganye. Nyingine ni za polepole tu kwa kuwa hazina la kusema, nami huzizima mapema.

Mdogo wangu hakufika kwa Guerra. Alitoka dakika ya nne, akaurudishia mlango taratibu.